Sufuria Tano za Pozole Nilizoziharibu Kabla ya Futari

Jioni ya tarehe 15 Septemba 2024, jirani yetu wa mlango wa pili alibisha hodi akiwa amebeba bakuli kubwa lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Tunaishi Gulfton, kusini-magharibi mwa Houston, katika jengo la ghorofa ambalo wapangaji wake wengi wametoka Meksiko na Amerika ya Kati, na usiku ule walikuwa wakikesha kuamkia sikukuu ya uhuru wa Meksiko. Ndani ya bakuli mlikuwa na pozole: supu nzito, nyekundu, yenye punje nene za mahindi zilizofumuka kama maua, na harufu ya pilipili iliyojaa ushoroba mzima. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kulifikia bakuli nilipokumbuka kuuliza ni nyama gani. Ilikuwa nguruwe. Nikalazimika kueleza, kwa Kihispania changu cha kubahatisha, kwamba sisi ni Waislamu na hatuwezi kuila. Yeye aliona haya, mimi niliona haya zaidi, na bakuli likarudi lilikotoka. Mtu aliyelelewa Tanga anajua uzito wa kumrudisha jirani mlangoni na chakula chake mkononi, na usiku huo sikulala vizuri.

Kesho yake alikuja tena, safari hii mikono mitupu, kuniambia kwamba kwao Hermosillo, katika jimbo la Sonora, watu ni wafugaji wa ng'ombe, na wana mchuzi wa mkia wa ng'ombe, mahindi na maharage unaoitwa gallina pinta, yaani kuku wa madoadoa, ingawa ndani yake hamna kuku hata kipande. Akasema pozole nayo hupikwa kwa nyama ya ng'ombe na hakuna atakayemfukuza mpishi mjini kwa kosa hilo. Nikamjibu kwa kujiamini kusikokuwa na msingi wowote, nikimwita Doña, yaani Bibi kwa heshima: «Doña, nitaipika mwenyewe, na bakuli la kwanza litakuwa lako.» Nilikuwa nimekula makande tangu sina meno, na sikuona ni siri gani punje ya mahindi ingeweza kunificha. Jeuri hiyo ilinigharimu sufuria tano, miezi mitano, na kwa hesabu niliyoifanya baadaye, dola zipatazo 210. Ninaandika ili mwenzangu atakayejaribu asipite njia ile ile.

Kwanza nieleze chakula chenyewe, kwa sababu sehemu ya makosa yangu ilitokana na kutojua ninachokitafuta. Neno pozole limetoka katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo hadi leo ina wasemaji wake Meksiko. Nguzo ya chakula hiki ni mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa hadi maganda yakaambuka, kisha yakapikwa tena hadi yakapasuka. Nyama hubadilika, aghalabu nguruwe au kuku. Rangi nayo hubadilika kwa mahali. Jalisco wanasifika kwa ile nyekundu ya pilipili kavu. Guerrero wana ya kijani, na huko Alhamisi ndiyo siku ya pozole, kama vile kwetu Ijumaa ilivyo siku ya pilau. Ipo pia nyeupe, isiyotiwa pilipili ndani, ambayo kila mlaji huikoleza mwenyewe mezani. Mimi niliichagua nyekundu kwa sababu ndiyo niliyoinyima familia yangu mlangoni.

Sufuria ya kwanza niliipika Oktoba kwa mahindi ya kopo. Makopo hayo yapo kila duka la huku, mahindi yake yamekwisha kuchemshwa kwa chokaa na kuiva, na ukiwa na haraka hayana ubaya. Kosa langu lilikuwa kuyamimina pamoja na maji yake, ambayo yana chumvi nyingi na harufu ya bati, na kuyatia mwanzoni kabisa pamoja na nyama mbichi. Baada ya saa tatu nyama ilikuwa laini, mahindi yalikuwa yamechoka, na mchuzi ulikuwa na ladha ya kopo. Atakayetumia ya kopo ayamwage maji, ayasuuze mara mbili, kisha ayatie nyama ikiwa imebakiza nusu saa kuiva. Huo ni muda wa kutosha kunywa mchuzi bila kupoteza umbo. Tuliila hivyo hivyo, watoto wakaisifu kwa adabu, nami nikajua kwamba sivyo.

Sufuria ya pili ndiyo iliyonifedhehesha, kwa kuwa ndiyo niliyoipika kwa ujuzi wa kwetu. Nilikwenda duka moja la vyakula vya Kiafrika nikanunua mahindi meupe makavu, yale yale ya makande, nikayaloweka usiku kucha, nikayabandika asubuhi. Saa nne zikapita. Saa sita zikapita. Punje zililainika ndani, lakini kila moja ilibaki imejifunga ndani ya ganda lake, na hakuna hata moja iliyofumuka. Mke wangu alifunua kifuniko, akachungulia, akauliza kwa upole kama nimesahau kutia maharage na tui. Hakukosea. Nilikuwa nimepika makande mabovu.

Doña nilipompelekea punje chache kwenye kisosi alizibonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaniuliza: «Mijo, chokaa iko wapi?» Mijo ni mwanangu, na ndivyo anavyomwita kila mtu wa chini ya miaka hamsini katika jengo letu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ganda la punje limeshikizwa na utando ambao maji matupu hayauwezi. Kwetu ganda huondolewa kwa nguvu, kwa kinu na mchi au kwa mashine ya kukoboa, na Wakamba wa Kenya hufanya vivyo hivyo kwa muthokoi wao. Watu wa Meksiko huliondoa kwa chokaa ya chakula, ambayo kwenye pakiti imeandikwa cal. Chokaa huulegeza utando, ganda likaambuka kwa kusuguliwa tu, punje ikabaki nzima na uwezo wake wa kunywa maji na kufumuka. Zaidi ya hapo, chokaa hubadilisha ladha na harufu: ule utamu mzito unaousikia ukipita karibu na mtu anayechoma chapati za mahindi za Kimeksiko ni kazi yake.

Nilipomweleza Mama kwa simu kwamba ninatia chokaa katika chakula, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama afya yangu ni njema. Nikamkumbusha tambuu aliyokuwa akitafuna bibi, na kikopo chake cha chokaa. «Kumbe hiyo,» akasema, akatulia. Ni chokaa ya jamii moja, haidroksidi ya kalsiamu, ila ya kupikia mahindi lazima iwe imetengenezwa na kuandikwa kwamba ni ya chakula. Chokaa ya mjenzi, ile ya kupaka ukuta, isikaribie sufuria, maana haikusafishwa kwa ajili ya matumbo ya watu.

Nitoke nje ya jiko kwa aya moja, kwa sababu jambo hili lilinishangaza kuliko yote. Mahindi yalipovushwa bahari kuja Ulaya na Afrika baada ya safari za Columbus, elimu ya chokaa haikupanda merikebu pamoja nayo. Niasini, vitamini iliyomo ndani ya mahindi, imefungamana kiasi kwamba mwili hauipati vizuri mpaka ifunguliwe na kitu kama chokaa au majivu. Kwa hiyo masikini waliokuja kuishi kwa mahindi karibu peke yake, kaskazini mwa Hispania na Italia katika miaka ya 1700 na kusini mwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1900, waliugua pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, unaoharisha na unaovuruga akili. Wenyeji wa Meksiko, waliokuwa wakila mahindi mchana na usiku, walikuwa wamekingwa na kijiko cha chokaa. Makande yetu yana bahati ya maharage, yanayofidia upungufu huo. Tangu nilipolijua hilo sijawahi tena kusema kwamba mimi ni mtu wa nchi ya mahindi.

Sufuria ya tatu, Desemba, niliharibu kwa kupenda kuzidisha. Niliona kama kijiko kimoja kinafaa, vitatu vitafaa zaidi. Tena nilitumia sufuria yangu ya alumini, ya kutoka nyumbani, ambayo ninaipenda kwa kuwa ni nyepesi. Chokaa na alumini haviivani: maji yenye chokaa huila alumini, sufuria ikageuka nyeusi ndani, na sikuthubutu kula kilichotoka humo. Sehemu nyingine niliyokuwa nimeichemsha katika sufuria ya chuma cha pua iligeuka njano iliyoiva, na kwa kuwa niliisuuza mara mbili tu, ilikuwa na ladha ya sabuni na ikaniachia mwasho kooni. Vidole vyangu, kwa kusugua maganda bila glavu, vilikauka na kupasuka kwa siku tatu. Ndugu zangu wa Afrika Mashariki nawasihi hasa kuhusu sufuria, kwa maana nyingi katika majiko yetu ni za alumini: kwa hatua ya chokaa tumia chuma cha pua au sufuria ya enameli isiyobanduka, basi.

Namna iliyonifaa hatimaye ni hii. Mahindi yenyewe yawe yale ya punje kubwa, pana, nyeupe, ambayo Meksiko huitwa cacahuazintle. Katika maduka yao huku huuzwa makavu kwa pakiti, na mengine huuzwa kwenye friji yakiwa tayari yamemenywa. Soma pakiti, maana mengine yamekwisha kuondolewa ganda na mtu akayachemsha tena kwa chokaa bure. Kwa kilo moja ya mahindi makavu yenye ganda ninatia kijiko kimoja cha chakula cha chokaa, kilichosawazishwa, takriban gramu 10, nikiikoroga kwanza katika maji baridi ili isitimke vumbi likaingia machoni. Maji yazidi mahindi kwa vidole vinne. Ninachemsha kwa moto mdogo, na baada ya dakika 25 ninaanza kuopoa punje moja moja na kuisugua kwa vidole vyenye glavu. Ganda likiambuka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji moto, ninazima. Hilo hutokea kati ya nusu saa na saa nzima, kulingana na ukavu wa mahindi. Ninayaacha yapoe ndani ya maji yake, kisha ninayasugua na kuyasuuza, tena na tena, mara saba au nane, hadi maji yatoke safi na punje zisiteleze tena mkononi.

Baada ya kusuuza huja kazi ambayo hakuna aliyenitajia mapema. Kila punje ina kitako, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi, ambacho Wameksiko hukiita kichwa, na kisipodonolewa punje haifunguki vizuri. Kinadonolewa kimoja kimoja. Kwa kilo moja na nusu tulikaa mezani watu watatu, mimi, mke wangu na binti yangu wa miaka kumi na mmoja, kwa saa mbili na zaidi, kila mmoja na kisu kidogo. Mtoto alilalamika robo saa ya kwanza, kisha akaanza kutusimulia habari za shuleni kwake ambazo miezi mingi tulikuwa tukiziuliza bila kupata jibu. Mwenye haraka anaweza kuiruka hatua hii. Mahindi yataiva na yatalika, lakini hayatafumuka kama maua.

Kisha mahindi hupikwa peke yake katika maji safi, pamoja na kitunguu kilichokatwa nusu na kichwa kizima cha kitunguu saumu, bila chumvi, kwa saa mbili na nusu hadi nne. Nasisitiza peke yake. Mahindi yana saa yake, nyama ina saa yake, pilipili ina saa yake, na aliyevitia vyote pamoja asubuhi ili akapumzike atakuta jioni kimoja kimeiva, kingine kimevurugika na cha tatu bado. Chumvi niliiweka mwisho kabisa, punje zikiwa zimekwisha kufunguka.

Kuhusu nyama sitasema mengi, kwa kuwa hapa ujuzi wa kwetu unatosha. Chukua muundi wenye mfupa na uboho, kwa sababu mchuzi usio na mfupa hauna uti wa mgongo, na uongeze nyama ya bega au mbavu. Mkia ni mtamu kuliko vyote, lakini bei yake siku hizi ni ya kuposea. Mimi niliweka vipande vichache kwa heshima ya Hermosillo. Mimi hununua kwenye bucha za halali za barabara ya Hillcroft, ambako kwa bahati nzuri maduka ya Wahindi na Wapakistani yamepakana na ya Wameksiko, hivyo nyama na pilipili hupatikana kwa safari moja. Anza na maji baridi, toa povu kwa upawa hadi liishe, tia majani ya bay na kitunguu saumu, na uache moto mdogo kwa saa tatu, mpaka nyama iachane na mfupa kwa kuguswa. Muislamu atakayenunua vitu vya Kimeksiko vya tayari asome maandishi, kwani tostada (chapati za mahindi zilizokaushwa), maharage ya kopo na supu za vidonge mara nyingine hutiwa mafuta ya nguruwe, yanayoandikwa manteca. Nilijua hilo baada ya kuwa nimekwisha kununua.

Sufuria ya nne, Januari, iliuawa na pilipili. Pilipili za pozole nyekundu hazikusudiwi kuwasha bali kutia rangi na ladha nzito, karibu na ya zabibu kavu na tumbaku. Guajillo ni ndefu, nyororo, ya rangi ya damu ya mzee. Ancho ni pana na nyeusinyeusi, nayo ni ile pilipili inayoitwa poblano ikiwa imeiva na kukaushwa. Zote mbili ni pole. Chile de árbol ni ndogo na kali, ya kuwekwa pembeni kwa wanaotaka kutoka jasho. Mimi nilizitia guajillo zote ishirini katika kikaango kilichokuwa kikifuka, nikageuka kumjibu mtoto, na nilipogeuka tena zilikuwa zimeungua. King'ora cha moshi kilianza kulia, sote tukakohoa hadi kwenye ngazi, na majirani wa ghorofa ya juu wakafungua madirisha. Kwa ubahili nikazisaga hivyo hivyo. Pilipili iliyoungua ina uchungu usioondoka kwa sukari, wala ndimu, wala dua; kilo mbili za nyama zilikwenda nayo.

Kikaango kiwe cha moto wa wastani, na pilipili ziwe zimekwisha kutolewa vikonyo na mbegu. Ziweke chache chache, zibonyeze kwa mwiko, sekunde 15 hadi 20 kila upande, mpaka zibadilike rangi kidogo na kutoa harufu. Moshi ukiuona umechelewa. Kisha ziloweke katika maji moto kwa dakika 20, zisage kwenye blenda na kitunguu saumu, kipande cha kitunguu na upawa mmoja wa mchuzi wa nyama, na uchuje kwa chujio la matundu madogo, kwa kuwa ngozi ya guajillo haisagiki ikaisha na hung'ang'ania kooni. Maji ya kulowekea yaonje kwanza. Yakiwa machungu yamwage. Rojo hilo likaangwe katika mafuta kidogo kwa dakika kumi, likikorogwa, hadi linenepe na rangi ikolee, ndipo liingie katika mchuzi. Mpwani hapa hahitaji kufundishwa, kwa kuwa ndivyo tunavyokaanga nyanya hadi mafuta yapande juu.

Sufuria ya tano, mwishoni mwa Februari, ilikuwa nzuri. Naikumbuka kwa uchungu. Mahindi yalifumuka, mchuzi ulikuwa mwekundu na mzito, na niliimaliza saa tano usiku baada ya zamu yangu ghalani. Nikaona sufuria ya lita kumi haiingii katika jokofu, nikaifunika, nikaiacha juu ya jiko hadi asubuhi, kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani kwa kiporo. Lakini sufuria kubwa ya mchuzi mzito wa mahindi hukaa na uvuguvugu usiku kucha, na uvuguvugu ndio wanaoupenda wadudu wa kuchachusha. Alfajiri kulikuwa na viputo juu yake na harufu ya togwa. Niliimwaga nikiwa nimesimama peke yangu jikoni, na nakiri kwamba machozi yalinilengalenga. Sasa ninaigawa katika vyombo vifupi ikiwa bado moto, ninavisimamisha ndani ya sinki lenye barafu, na ndani ya saa mbili viko katika jokofu. Inakaa siku tatu, na katika friza miezi miwili. Mahindi huendelea kunywa mchuzi, kwa hiyo kesho yake hutaka maji kidogo na chumvi kidogo.

Tulikuwa tumeahidi kuwafuturisha watu ishirini Jumamosi moja ya Machi 2025: jamaa wa Tanga na Mombasa, Mkomoro mmoja na familia yake, na majirani zetu wa Kikongo, ambao hawafungi lakini hawakosi futari. Nilitumia kilo moja na nusu ya mahindi makavu, kilo nne na nusu za nyama pamoja na mifupa, guajillo 25 na ancho nane. Gharama yote, pamoja na viandamizi, ilikuwa dola 121, na nyama peke yake ilimeza 70. Mahindi niliyamenya Alhamisi na kuyapika Ijumaa. Nyama na pilipili zilikuwa za Jumamosi. Kazi ikigawanywa hivyo haimwangushi mtu aliyefunga, jambo ambalo nilikuwa nimelifikiria sana. Jambo moja tu sikulifikiria: chumvi.

Saa moja kabla ya magharibi nilivichanganya vitu vitatu katika sufuria kubwa, nikatia chumvi kwa kukisia, nikasimama na upawa mkononi. Wanazuoni wanamruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini mchuzi wa lita kumi na nne uliosheheni mahindi hauhukumiwi kwa ncha ya ulimi, na mke wangu naye alikuwa amefunga. Binti yangu, aliyekuwa akifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, alinitazama kwa jicho la kunikataza. Mezani viandamizi vilikuwa tayari: kabichi iliyokatwa nyuzi, figili za duara, kitunguu kibichi, ndimu nyingi, parachichi, na oregano ya Kimeksiko, ambayo si mmea mmoja na ile ya kwenye pitsa na ina harufu kali zaidi, ya kusagwa kati ya viganja juu ya bakuli la kila mtu. Wageni walikuwa wameanza kuvua viatu.

Nikatoka hadi mlango wa pili. Doña alikuja na aproni yake, akakataa kijiko nilichompa, akataka bakuli, kwa hoja kwamba pozole haionjwi bila mahindi. Nilimpakulia. Alitafuna punje taratibu, akaitazama iliyofuata kwenye kijiko, akaigeuza kuona ilivyofunguka. Chumba kizima cha watu waliofunga kilimtazama akila.

«Inataka chumvi,» alisema. «Na maharage, kama kwetu.»

Chumvi niliiongeza vijiko viwili. Akakaa kwenye kiti cha pembeni na bakuli lake, akalimaliza, na adhana ilipolia kwenye simu ya mtu fulani alikuwa akikamua ndimu juu ya la pili.